Walter Benjamin: Msomi wa vibarua aliyekwama mpakani

Mtu anayevuka mpaka kila wiki kutafuta riziki anajua kwamba karatasi za safari ni za namna mbili. Ipo ya kuingia kule uendako, na ipo ya kutoka hapa ulipo. Wengi wetu huhangaikia ile ya kwanza tukidhani ya pili itapatikana tu. Mnamo Septemba 1940, Mjerumani mmoja mwenye umri wa miaka 48, mgonjwa wa moyo, alifika kituo cha mpakani cha Portbou, upande wa Hispania, akitokea Ufaransa kwa miguu. Alikuwa na viza ya Marekani, na vibali vya kupita Hispania na Ureno alikuwa navyo pia. Alichokosa ni ruhusa ya Wafaransa ya kutoka nchini mwao. Usiku huohuo maisha yake yalikatika katika chumba cha hoteli.

Jina lake ni Walter Benjamin. Leo hii ni vigumu mwanafunzi wa chuo kikuu asome fasihi, sinema au historia ya miji ya Ulaya bila kukutana na jina hilo. Lakini yeye mwenyewe, alipokuwa hai, hakuna chuo kikuu kilichomwajiri hata siku moja. Falsafa yake ni ngumu na si hapa pa kuieleza. Ninachotaka tukitazame ni namna alivyoishi: nani alimlipa, alilala wapi, aliugua nini, na kazi yake aliifanya saa ngapi katikati ya hayo yote.

Alizaliwa mjini Berlin tarehe 15 Julai 1892, mtoto wa kwanza katika familia ya Kiyahudi yenye uwezo. Baba yake, Emil, alifanya biashara ya vitu vya kale na kazi za sanaa, na alikuwa mshirika katika nyumba ya mnada. Kwa hiyo huyu si mtoto wa maskini aliyepanda ngazi. Ni mtoto wa tajiri aliyeteremka, na kuteremka nako kuna shida zake, maana mtu hakufundishwa tangu utotoni jinsi ya kukosa. Alikuwa mtoto wa kuuguaugua, akikosa shule mara kwa mara, hata wazazi wakampeleka kwa miaka miwili katika shule ya bweni ya shambani, mkoani Thuringia.

Vita Kuu ya Kwanza ilipoanza, kijana huyu hakutaka kwenda kufia mitaroni. Mwaka 1915 alikesha usiku mzima akinywa kahawa kali pamoja na rafiki yake Gershom Scholem ili asubuhi daktari wa jeshi amkute hoi. Ikawa hivyo, akaahirishiwa. Baadaye Dora, aliyekuwa mkewe, alimtia usingizi wa hipnosisi mpaka akaonyesha dalili za maumivu makali ya mshipa wa mguu. Madaktari waliamini, na mwaka 1917 wawili hao wakapata njia ya kwenda Uswisi. Mtu unaweza kucheka. Mimi nilicheka niliposoma mara ya kwanza. Lakini mtu huyu aliyeanza kwa kuigiza ugonjwa ili avuke mpaka, alikuja kumalizia safari zake mpakani akiwa na ugonjwa wa kweli.

Huko Uswisi, katika Chuo Kikuu cha Bern, alipata udaktari wa falsafa mwaka 1919 kwa alama za juu kabisa. Alikuwa tayari na mtoto wa kiume, Stefan, aliyezaliwa 1918. Familia ikarudi Berlin bila kazi, ikahamia nyumbani kwa wazazi wa Walter. Daktari wa falsafa, ana mke na mtoto, anakula kwa baba yake! Mzee alimtaka aingie kazi ya benki. Kijana hakutaka. Ugomvi wa nyumba hiyo ulidumu miaka, na kila upande ulikuwa na haki yake. Kisha pesa ya Ujerumani ikaporomoka. Kufikia mwisho wa mwaka 1923 dola moja ya Kimarekani ilibadilishwa kwa marki trilioni 4.2. Utajiri wa Emil nao ukasinyaa.

Njia aliyoiona Walter ilikuwa moja tu, nayo ni kupata haki ya kufundisha chuo kikuu. Kwa desturi ya Ujerumani, udaktari peke yake hautoshi. Mtu huandika tasnifu ya pili, kubwa zaidi, na kitivo kikiikubali ndipo anaruhusiwa kuhadhiri. Hata akiruhusiwa, wakati ule hakupata mshahara. Alilipwa ada ndogo za wanafunzi waliohudhuria, akisubiri kiti cha profesa kiwe wazi. Hicho ndicho alichokiomba, mlango wa kusubiria tu. Aliandika juu ya tamthilia za huzuni za Kijerumani za karne ya 17 na mwaka 1925 akaipeleka kazi hiyo Chuo Kikuu cha Frankfurt.

Profesa wa fasihi, Franz Schultz, aliyemtia moyo mwanzoni, alijitoa na kuisukuma tasnifu kwenye idara nyingine. Huko Profesa Hans Cornelius aliisoma akaona haieleweki. Akamtaka mwandishi afupishe hoja zake. Zikafupishwa, na bado hakuelewa. Msaidizi wa Cornelius wakati ule alikuwa kijana aitwaye Max Horkheimer, na jina hili msomaji alikumbuke maana litarudi. Mwishowe Benjamin alishauriwa aiondoe tasnifu mwenyewe ili asipate aibu ya kukataliwa rasmi. Akaiondoa. Alikuwa na miaka 33.

Nikisema kweli, sehemu hii ya maisha yake ndiyo iliyonifanya nimpende. Niliporudi kutoka uhamishoni na vyeti vyangu ndani ya bahasha ya nailoni, niliwahi kukalia benchi la ofisi fulani kwa miezi, nikiambiwa kwamba shule niliyosoma haimo katika orodha yao. Mimi mwishowe nilipewa darasa na chaki. Yeye hakupewa, na tangu siku hiyo hadi kufa kwake aliishi kwa kulipwa kazi kwa kazi, kama mpagazi wa sokoni.

Kazi hizo zilikuwa za kila namna. Alihakiki vitabu katika gazeti la Frankfurter Zeitung na jarida la Die literarische Welt. Pamoja na Franz Hessel alitafsiri riwaya za Mfaransa Marcel Proust. Aliandika juu ya safari zake, juu ya vitu vya kuchezea watoto, juu ya miji. Tangu 1927 hadi mwanzoni mwa 1933 alitengeneza vipindi vya redio zaidi ya 80 katika vituo vya Berlin na Frankfurt, vingi vyake vya watoto. Aliwasimulia watoto habari za masoko ya Berlin, za matapeli wa zamani, za tetemeko la ardhi lililoangamiza Lisbon mwaka 1755, na za mafuriko ya mto Mississippi ya 1927. Yeye mwenyewe alizihesabu kama kazi za tumbo. Siku hizi zimekusanywa vitabuni, na mimi nazipenda kuliko nyingi ya zile alizozithamini. Ile tasnifu iliyokataliwa nayo ilichapwa kuwa kitabu mwaka 1928.

Tusimfanye malaika. Scholem, aliyekuwa amehamia Jerusalem, alimwombea msaada kwa Judah Magnes, mkuu wa Chuo Kikuu cha Kiebrania. Mwaka 1928 pesa zikatumwa ili Benjamin ajifunze Kiebrania na kwenda kufundisha huko. Pesa alizipokea. Kiebrania alikisoma kwa wiki chache tu, na Jerusalem hakufika. Hapo sina la kumtetea. Talaka yake na Dora mwaka 1930 pia ilikuwa chafu, naye ndiye aliyeichafua zaidi. Mahakama ilimpa ushindi mkewe, na sehemu kubwa ya urithi wake ikaenda humo.

Tarehe 30 Januari 1933 Hitler akawa chansela. Katika wiki chache milango ya redio ikafungwa kwa Myahudi huyu, na wahariri wakaacha kumjibu barua. Mwezi Machi aliondoka Berlin, asirudi tena. Alikwenda kisiwa cha Ibiza, Hispania, kwa sababu moja ya wazi: huko maisha yalikuwa rahisi kuliko Paris. Rahisi kwa pesa. Mwilini yalimgharimu. Alikula vibaya, akapata kidonda mguuni kilichomlaza, na alipoingia Paris mwezi Oktoba alikuwa anatetemeka kwa homa. Wafaransa walipompima wakakuta malaria, wakampa kwinini. Wasomaji wa mabondeni wanaijua homa hiyo. Labda hawakujua kwamba miaka ile ilikuwepo hata huko kwenye bahari ya Mediterania.

Sasa swali ni aliishije miaka saba iliyofuata, akiwa mgeni, bila kazi na bila afya. Alibadili jina ili aendelee kuuza makala Ujerumani. Alijiita Detlef Holz, na kwa jina hilo kitabu chake kimoja kilitoka Uswisi mwaka 1936. Aliuza vitabu vyake vichache vichache, jambo ambalo kwa mpenda vitabu kama yeye ni sawa na mfugaji kuuza ng'ombe wa mahari. Majira ya joto ya 1934, 1936 na 1938 alikwenda Denmark, karibu na mji wa Svendborg, alikoishi mshairi Bertolt Brecht, mkimbizi mwenzake. Huko kulikuwa na chakula, meza ya kuandikia na mtu wa kucheza naye sataranji. Wakati mwingine alijihifadhi San Remo, Italia, katika nyumba ya wageni iliyoendeshwa na Dora. Ndiyo, yuleyule Dora wa talaka. Mwanamke yule alikuwa na moyo ambao waandishi wa vitabu kumhusu Benjamin hawausifu vya kutosha. Pale Paris alihama kutoka hoteli ya bei nafuu hadi chumba cha kupanga, na kutoka chumba hadi sebuleni kwa watu. Mwaka 1938 ndipo alipopata chumba chake mwenyewe, mtaa wa Dombasle, kikiwa kimepakana na lifti iliyonguruma mchana kutwa.

Riziki yake kubwa ilitoka kwa Max Horkheimer, yule msaidizi wa Frankfurt. Horkheimer sasa aliongoza taasisi ya utafiti wa jamii iliyokuwa imekimbilia New York, na tangu 1934 taasisi hiyo ilimtumia Benjamin posho. Ilianza ndogo, ikapanda, na mwishoni mwa 1937 ikafika dola 80 kwa mwezi. Zilitosha kulala na kula, kwa kubana. Lakini posho si mshahara, na anayekulisha ana neno katika kazi yako. Mwaka 1938 alipeleka New York makala ndefu juu ya mshairi Baudelaire, kazi ya miezi mingi. Theodor Adorno, rafiki yake na mtu wa taasisi hiyo, akaikataa na kumtaka aiandike upya. Benjamin aliingia katika huzuni nzito kwa majuma, kisha akakaa chini akaiandika upya. Angefanya nini? Mwanzoni mwa 1939 Horkheimer akamwandikia kwamba hali ya fedha ya taasisi si nzuri na huenda posho ikakatwa. Haikukatwa, lakini alilala nalo wazo hilo kila siku.

Na katikati ya yote haya, alikuwa na kazi yake. Asubuhi, akiwa na nguvu, alikwenda Maktaba ya Taifa ya Paris, akakaa mahali pake, akaendelea kunakili kwa mwandiko mdogo sana habari za Paris ya karne ya 19: maduka yaliyopangwa chini ya mapaa ya vioo, taa za gesi, mitindo ya nguo, wacheza kamari, wauza taka. Aliianza kazi hiyo mwaka 1927 na hakuimaliza. Hakuna aliyemwagiza kwa ukamilifu wake na hakuna aliyemlipa kwa ukamilifu wake. Makala zilizolipwa alizikata pembeni mwa ile kubwa, kama fundi seremala anavyotengeneza vigoda kwa vipande vilivyobaki kwenye kabati. Nafikiri hiyo ndiyo siri ya kustahimili kwake. Kibarua kilimlisha, lakini hakukiruhusu kiwe ndiyo kazi.

Mwaka 1938 aliomba uraia wa Ufaransa, akidhaminiwa na waandishi wakubwa kama André Gide na Paul Valéry. Faili halikusogea. Mwaka 1939 serikali ya Ujerumani ikamvua uraia. Hivyo vita vilipoanza Septemba mwaka huo, Wafaransa walimkamata kama Mjerumani, ingawa Wajerumani walikuwa wamekwisha kumkana. Aliwekwa kwanza katika uwanja wa michezo nje kidogo ya Paris, halafu akapelekwa na wenzake karibu na mji wa Nevers. Kutoka stesheni walitembea kwa miguu kiasi cha saa mbili. Njiani alianguka. Kijana mmoja akamchukulia mizigo.

Humo kambini walilala chini, juu ya majani makavu. Alipopata nafuu akaanzisha masomo ya falsafa kwa waliotaka, na ada ilikuwa sigara. Alipanga pia kuanzisha jarida la wafungwa. Mtu aliyenyimwa ruhusa ya kuhadhiri Frankfurt hatimaye alihadhiri kambini, na wanafunzi wake wakalipa! Marafiki wa Paris walihangaika hadi akaachiwa mwezi Novemba.

Alirudi akiwa amekwisha. Mwanzoni mwa 1940 daktari alimpiga picha ya eksirei, akakuta moyo umepanuka, shinikizo la damu liko juu na mapigo yanakwenda mbio. Barabarani ilimbidi asimame kila baada ya dakika tatu au nne. Daktari alimshauri akapumzike shambani, ushauri mzuri kwa mwenye shamba. Yeye alikwenda kuhuisha kadi yake ya maktaba. Miezi hiyo ndiyo aliyoandika kurasa chache juu ya maana ya historia, ambazo leo zinasomwa duniani kote.

Wajerumani waliingia Paris tarehe 14 Juni 1940. Siku chache kabla, Benjamin na dada yake, ambaye jina lake pia ni Dora na ambaye alikuwa mgonjwa wa uti wa mgongo, walipanda treni kwenda Lourdes, kusini. Maandishi yake makubwa aliyaacha kwa Georges Bataille, mwandishi aliyefanya kazi Maktaba ya Taifa, naye akayaficha humohumo maktabani. Mwezi Agosti akaenda Marseille peke yake. Horkheimer alikuwa amempatia viza ya Marekani. Lakini Ufaransa iliyoshindwa vita ilikuwa imetia saini kuwakabidhi Wajerumani waliotakiwa na Hitler, na wakimbizi kama yeye hawakupewa ruhusa ya kutoka. Mwenye ruhusa ya kuingia Marekani akawa hana ruhusa ya kuondoka Marseille.

Ikabaki njia ya panya. Anayezijua njia za panya za kwetu hahitaji maelezo marefu. Mama mmoja mkimbizi, Lisa Fittko, alikuwa ameelekezwa njia ya mlimani na meya wa kijiji cha Banyuls. Benjamin alikuwa mtu wa kwanza kuongozwa naye, pamoja na Henny Gurland na mwanawe kijana. Tarehe 25 Septemba walipanda nusu ya njia kuikagua. Wengine waliporudi kijijini, yeye alikataa. Alijua moyo wake hautaweza kupanda mlima huo mara mbili, akalala hapohapo peke yake, bila blanketi. Kesho yake wakaendelea. Alikuwa na utaratibu wake: dakika kumi kutembea, dakika moja kupumzika, akiipima kwa saa. Alianza kupumzika kabla hajachoka. Mkononi alikuwa na mkoba mweusi mzito ambao, kwa maelezo ya Fittko, ulikuwa na maandishi aliyoyathamini kuliko uhai wake. Vijana walipokezana kuubeba.

Walifika Portbou jioni. Polisi wa Hispania wakawaambia kwamba kuna amri mpya: asiye na uraia na asiye na muhuri wa kutoka Ufaransa anarudishwa alikotoka. Waliruhusiwa kulala hotelini chini ya ulinzi hadi asubuhi. Usiku huo Benjamin alimeza dawa alizokuwa amezibeba tangu Marseille. Daktari wa mji aliandika kwamba amekufa kwa kuvuja damu kichwani. Wenzake hawakurudishwa. Waliachiwa wapite, wakafika Lisbon. Ile amri haikukaa hata wiki kadhaa.

Dada yake alifanikiwa baadaye kuingia Uswisi, akafa huko 1946. Ndugu yao Georg, aliyekuwa daktari wa tiba, aliuawa katika kambi ya Mauthausen mwaka 1942. Maandishi aliyoyaficha Bataille yalipona. Adorno alitoa mkusanyo wa kazi za Benjamin kwa juzuu mbili mwaka 1955, na ile kazi ya Paris ilichapwa 1982, zaidi ya kurasa elfu moja. Maandishi ya ndani ya mkoba hayajaonekana hadi leo.

Vitu vyake viliorodheshwa na wakubwa wa Portbou: mkoba wa ngozi, saa ya kiume, kiko, pasi ya kusafiria, picha sita za paspoti, picha moja ya eksirei, miwani, majarida, barua na karatasi chache, na pesa kidogo. Gharama za hoteli, daktari na mazishi zilikatwa humo. Katika kitabu cha makaburi jina lake liligeuzwa, likaandikwa Benjamin Walter, hivyo akazikwa katika makaburi ya Wakatoliki kama Mkristo. Rafiki yake Hannah Arendt alipopita Portbou miezi michache baadaye kulitafuta kaburi, hakuliona jina. Henny Gurland alikuwa amelipia kaburi hilo kwa miaka mitano. Miaka hiyo ilipokwisha, mabaki yalihamishiwa kaburi la pamoja.